Mzunguko wa Saba

"Jumamosi nitasimama wapi?"

Obadiah aliniuliza hivyo akiwa amepiga magoti chini, misumari mitatu iko mdomoni, kwa hivyo nilikuwa na nafasi ya kujifanya sijasikia.

"Eh?"

"Usijifanye, Reha. Umenisikia."

Nilikuwa nimempa mgongo, nasafisha brashi ambayo ilikuwa safi tangu jana. Ilikuwa Alhamisi. Siku mbili zimebaki maonyesho yangu ya kwanza yafunguliwe hapa Voi, halafu mwezi ujao Mombasa, halafu Nairobi. Tulikuwa kwa kile chumba cha nyuma ya duka la mama, mahali anawekanga majora ya leso. Mimi nachora hapo tangu nimalize chuo. Ukifungua mlango unanusa mafuta ya rangi, na kutoka mbele unanusa udi wa mama. Hizo harufu mbili hazijawahi kupatana.

"Si utasimama na watu wengine tu," nikasema.

"Kama nani?"

"Oba..."

"Mtu akikuuliza, huyu kijana ni nani, utasema nini?"

"Nitasema ndiye alitengeneza fremu zote. Fremu kumi na nne, na hakuna hata moja imepinda. Si hiyo ni sifa kubwa?"

Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka mfukoni polepole. Hapo nikajua amekasirika. Wanaume wengine wakikasirika wanatupa vitu. Huyu wangu anavipanga.

"Mwaka mzima na nusu mimi ni fundi," akasema.

"Baada ya Voi nitamwambia mama. Nakuapia."

"Baada ya Voi kuna Mombasa. Baada ya Mombasa kuna Nairobi. Baada ya Nairobi utaniambia umeitwa Arusha." Akasimama, akajipangusa magoti. "Wewe unachora wanawake ambao hawakupewa nafasi ya kusema. Nimesoma zile karatasi umeandika, ni mimi nitazibandika ukutani. Halafu ukivuka huo mlango ukaingia dukani kwa mama yako, mdomo wako unafungwa na nani?"

Hiyo ilinichoma. Nikamgeukia na brashi mkononi kama nataka kumpiga nayo.

"Wewe ni rahisi kwako kusema! Mimi nikitamka jina lako pale mbele, swali la kwanza ni dini. La pili ni dini. La tatu..."

"Najua. Hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, na sijakwambia tuoane Jumamosi. Nimekuuliza nitasimama wapi."

Alinitazama. Obadiah ana macho ya mtu anayepima. Akiangalia mbao anajua imepinda wapi kabla hajaigusa, na siku hiyo aliniangalia hivyo hivyo, nikahisi anaona mahali nimepinda.

"Nitatundika picha zako zote," akasema. "Jumamosi asubuhi nitakukabidhi ufunguo wa hall ya maonyesho. Kama hujapata jibu, narudi kwetu Rukanga, na Mombasa sitakuja. Tafuta fundi mwingine."

Akabeba fremu mbili, moja kila kwapa, akatoka kupitia dukani. Nikasikia sauti ya mama.

"Fundi! Ushamaliza?"

"Bado kidogo, Bi Mwanabibi. Ile kubwa nitaijia jioni."

"Kunywa maji basi kabla hujatoka, jua hili litakuua."

Hata mama anampenda, nikawaza. Anampenda kama fundi.

Baada ya hapo sikuweza kukaa. Nilikaa, nikasimama. Nikafungua dirisha, upepo ukaingiza lile vumbi letu jekundu, nikafunga. Nikamwandikia ujumbe, nikafuta. Nikaandika mwingine, nikafuta. Saa nane ikapiga na mimi sijafanya lolote isipokuwa kuzunguka picha kubwa kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Ile picha ndiyo ilikuwa roho ya maonyesho yote. Nimeichora kama leso. Pembeni pindo, juu na chini maua ya hina kama yale shangazi zangu wanachorwa wakiolewa, na pale mahali pa jina, pale ambapo kila leso ina maneno yake, nimeacha peupe. Kwa ajili ya wanawake wote waliovaa maneno ya watu wengine. Lakini katikati, kwa mji wa leso, sikuweka maua ya pwani. Niliweka kikapu. Mistari ya kikapu cha mkonge kutoka Rukanga, pembetatu nyeusi na za rangi ya udongo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ukiangalia sana unahisi kanvasi inazunguka.

Kile kikapu aliniletea Obadiah mwezi wa kwanza mwaka huu. Kilikuwa cha mama yake. Alikichukua bila kumwambia, akaniachia wiki mbili, akakirudisha juu ya kabati kama hakijatoka.

Saa nane na robo simu ikalia. Ilikuwa Faiza, yule dada anayesimamia maonyesho ya Mombasa.

"Rayhana mpenzi, mwisho saa kumi, sawa? Nitumie picha nzuri ya ile kubwa. Ndiyo naiweka kwenye kadi, na ndiyo itakuwa ukuta wa mbele."

"Sawa dada Faiza."

"Ule mpangilio wake wallahi unaniua. Hauna hata doa. Kama umechorwa na mashine."

Nikakata simu na furaha kidogo. Haikufika hata dakika tano.

"Rayhana!" Mama aliita kutoka dukani. "Una mgeni wako. Mama mmoja ametoka Rukanga."

Moyo wangu ukaanguka mpaka kwa ndara.

Alikuwa mama mfupi, mweusi wa kung'aa, kitambaa kichwani, na mbele ya kifua amekumbatia kitu kimefungwa kwa leso. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Obadiah amechukua macho yake yote mawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Rayhana?"

"Ndiyo mimi. Karibu ukae. Nikuletee maji? Soda?"

Hakukaa. "Mimi naitwa Gertrude. Mama Obadiah."

Nilikuwa nimepanga haya mazungumzo mara mia kichwani. Kichwani mwangu nilikuwa nimevaa vizuri, sina rangi puani, na Obadiah yuko karibu. Sasa maneno yakatoka yenyewe yakigongana.

"Mama, naomba nikueleze. Mimi na Obadiah hatujafanya kitu cha kuwaaibisha. Ni kweli tunapendana, na najua kanisa lenu, na mimi pia kwetu ni vigumu, lakini hatujaamua lolote, na kama umekuja kuniambia nimwache, nakuomba tu..."

"Sijauliza habari ya Obadiah."

Nikafuta mikono kwenye nguo.

"Ya Obadiah najua tangu mwezi wa kwanza," akasema. "Kikapu changu kilirudi kinanuka udi. Sisi kule kwetu Rukanga hatuchomi udi. Nikajua kijana amepata msichana, na nikajua ni wa wapi. Nikangoja aniambie. Mpaka leo nangoja."

Basi kumbe huyu anayenipigia kelele ya kusema ukweli, naye kwao amefunga mdomo! Ningekuwa mahali pengine ningecheka.

"Sasa..." nikasema. "Sasa umekuja..."

"Nimekuja kuona mwanamke anayenisahihisha."

Akafungua ile leso. Kikapu kikatoka, kile kile, kimezeeka vizuri, masikio yake ya kubebea yamelainika kwa kushikwa. Akaniwekea mkononi. Halafu akatoa simu, akanionyesha bango la maonyesho yangu, ile picha niliyotumia mwezi uliopita.

"Binti yangu Sharon ndiye alinionyesha. Akasema, mama, si hii ni kikapu chako? Nikaangalia. Nikamwambia ni changu na si changu." Akageukia kanvasi. Akaisogelea mpaka pua inakaribia kugusa. Kidole chake kikaanza kuhesabu hewani, kutoka chini. Moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kikasimama. "Hapa. Mzunguko wa saba. Umenyoosha."

Nikajua anasema nini kabla sijaangalia kikapu. Niliiona ile pembetatu mwezi wa kwanza. Kwa mzunguko wa saba zote zinaangalia juu, isipokuwa moja. Moja imeanguka, imelala upande, na nyuzi zake zimekazwa mpaka zimejikunja. Nilipokuwa nachora nilicheka kidogo, nikasema mama wa watu alichoka. Nikapima na rula, nikabandika tepu, nikainyoosha. Mpangilio haukubali kitu kimoja kiende kivyake. Ndivyo nilivyofundishwa.

"Nilidhani ni kosa, mama."

"Hata mama mkwe wangu alidhani ni kosa."

Sasa ndipo akakaa, juu ya jora la leso, miguu ameinyoosha kama mtu aliyetembea sana. Mimi nikakaa chini.

"Nilikuwa nasuka hicho kikapu uwanjani kwa mama mkwe," akasema. "Nilikuwa mgeni bado kwa hiyo nyumba. Nilikuwa nasuka vizuri kuliko wote, nakwambia sijisifu. Hapo kwa mzunguko wa saba uchungu ukanishika. Wa kwanza nikanyamaza, kwa sababu kulikuwa na wageni, na mama mkwe hakupenda makelele. Nikavuta uzi. Wa pili ukaja, nikavuta uzi. Hiyo pembetatu unaona imelala, niliisuka na Obadiah anataka kutoka."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kikapu. Nikauona ule uzi ulivyokazwa. Sikuweza kuuondoa mkono.

"Baada ya wiki mbili nikarudi kusuka. Mama mkwe akaona, akasema fumua, rudi mpaka hapo, wanawake wa kikundi cha kusuka watatucheka. Nikasema sifumui. Yeye akasema fumua. Mimi nikasema sifumui." Akatabasamu kidogo. "Hilo ndilo neno la kwanza nilikataa kwa ile nyumba. Alininyamazia mpaka mahindi yakavunwa."

"Kwa nini ulikataa, mama?"

"Baba yake alienda kumwandikisha mtoto wakati amepata nafasi. Alipoulizwa tarehe hakumbuki, akataja tu. Cheti kinasema Obadiah alizaliwa tarehe tisa. Hiyo keki mnakulanga mwezi wa tano ni birthday ya karani. Siku yenyewe hakuna mahali iliandikwa isipokuwa hapo." Akaelekeza kidole, sio kwa kikapu, kwa kanvasi yangu. Kwa pembetatu yangu nzuri iliyosimama wima. "Na wewe umeifuta."

Sijui kama umewahi kuona aibu ya kukupoza miguu. Mimi, msichana wa mabango, ninayeandika ati natafuta sauti za mama zetu kwenye mapambo yao. Mama mmoja alikuwa amesema. Alikuwa amesema wazi kabisa, na uzi. Na mimi nikamnyamazisha na rula.

Na si yeye peke yake. Nilifikiria mwaka mzima na nusu. Kila kitu kwa maisha yangu kimepangwa vizuri, duka, mama, swala, rangi, maonyesho matatu yamepangana, na kitu kimoja tu kinachoangalia upande wake, hicho ndicho nimekibandika tepu. *Nitasimama wapi.*

Nikasimama. Nikachukua kisu cha rangi.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nafumua ya kwangu."

Nikakwangua ile pembetatu. Unajua rangi ikikauka haitaki kutoka, ikaja na vipande vya majirani zake. Nikachanganya nyeusi, nikachanganya udongo, nikaanza kuchora na kikapu kiko mapajani mwa Mama Gertrude, yeye anakishika akikigeuza kwenye mwanga. Saa tisa ikapita. Nusu ikapita. Hakuwa mama wa kusifu.

"Laza zaidi. Hapana, umelaza sana. Nilikuwa na uchungu, sikuwa nimelewa."

Nikacheka, machozi yakanitoka hapo hapo. Yeye pia akacheka, lakini kidogo, akakumbuka kwamba hajanisamehe.

Saa kumi kasoro dakika tatu nikapiga picha, rangi bado mbichi, nikatuma. Faiza akapiga papo hapo.

"Rayhana, nini hii? Kuna kitu kimeharibika pale chini."

"Hakijaharibika, dada. Ndivyo ilivyo."

"Mpenzi wangu, jicho linakwenda pale pale tu! Ile ya mwanzo ilikuwa nzuri sana. Nitumie picha ya zamani niiweke kwa kadi."

"Ya zamani si kazi yangu tena, nimeikwangua."

Nikasikia magari ya Mombasa nyuma yake. "Basi ukuta wa mbele siwezi kukuahidi," akasema. "Nitaangalia kazi ya mwingine."

Hiyo iliuma, sitadanganya. Ule ukuta nilikuwa nauota.

"Iweke nyuma basi, dada Faiza. Lakini itakuja hivi hivi."

Nilipogeuka, mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na leso mbili begani ambazo mteja alikuwa anachagua. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Kwa sura yake, tangu zamani.

"Kwa hivyo," akamwambia Mama Gertrude, "yule fundi ndiye mwanao."

"Ndiye."

"Yule anayepima fremu moja mara nne."

"Huyo huyo."

Wakatazamana, mama wawili, mmoja na buibui mmoja na kitambaa cha kanisa. Na mimi katikati nina rangi mpaka kwa nyusi. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema amekuja kuhusu kikapu, na haingekuwa uongo hata.

"Mama," nikasema. "Obadiah si fundi tu. Ni mtu wangu. Nampenda. Ilikuwa nikwambie zamani."

Mama akatoa leso moja begani. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, pembe kwa pembe, mpaka ikawa ndogo kama kitabu.

"Baba yako akisikia, unajua atakavyosema."

"Nitamwambia mwenyewe. Kabla ya Jumamosi."

"Na mimi sijasema ndiyo, Rayhana. Sikia vizuri. Hilo si jambo la leo wala la kesho, lina mashehe na lina majirani na lina mimi. Sijasema ndiyo."

"Najua, mama."

"Hata mimi sijasema ndiyo, dada," Mama Gertrude akasema kutoka juu ya jora lake. "Na sijaja kusema."

Mama akamtazama tena, safari hii kwa makini zaidi. "Haya, angalau kuna jambo tumekubaliana. Umekula? Kutoka Rukanga mpaka hapa na jua hili, na huyu msichana anakupa soda! Njoo huku mbele ukae kwa kiti cha watu."

Wakatoka. Nikabaki peke yangu na ile harufu ya rangi mbichi. Moyo bado ulikuwa unakimbia lakini sasa ulikuwa unajua unakimbilia wapi.

Saa kumi na moja na robo Obadiah aliingia kwa mlango wa uani, kimya, na kamba begani. Alikuja kuchukua kazi, hakuja kwangu, alitaka nijue hivyo. Akashika upande mmoja wa kanvasi. Halafu akaiachilia. Nilijua ataona. Macho yake yale.

"Reha. Umekosea hapa."

"Wapi?"

"Hapa chini. Mzunguko wa..." akahesabu, "wa saba. Moja imelala." Alisahau kwamba amekasirika, akainama na kidole mbele. "Imekuwaje? Tunaweza kuirekebisha kabla ya..."

"Usiguse, ni mbichi."

Nikamshika ule mkono. Nikaushikilia hapo hapo mbele ya picha, karibu na rangi bila kuigusa, na nikahisi mshipa wake unapiga haraka kama wangu.

"Hapo ndipo ulianza kuzaliwa," nikasema. "Mama yako alikuwa anasuka. Ulimkatiza."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Ulitaka kujua Jumamosi utasimama wapi. Utasimama hapo, Oba. Mbele ya hiyo. Mtu akiuliza huyu ni nani, mimi ndiye nitajibu, na mama atakuwa ananisikia. Nimeshamwambia."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona kwamba ananipima. Kidole chake gumba kikapita juu ya nyusi yangu, mahali palikuwa na rangi, akaisambaza badala ya kuitoa.

"Umemwambia," akasema polepole. "Leo."

"Leo."

"Na akasema nini?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Kutoka mbele, juu ya mlio wa vikombe, sauti ya mama yangu ilivuka duka lote, ile sauti anayoitia watu wa nyumbani. Mwaka mzima na nusu alikuwa hajawahi kumwita kitu kingine ila fundi.

"We Obadiah! Acha kupima, njoo unywe chai. Mama yako anamaliza mahamri."

Rangi ikamtoka usoni.

"Mama yangu?"